Tupeane uzoefu: AC ya gari lako ilisumbua nini, fundi alisema nini, na kumbe ilikuwa nini?

Mzee wa Foleni (mleta mada)
Wakuu salama? Naanza mimi mwenyewe.

Natumia Toyota Raum, kila asubuhi Mbagala hadi mjini, na joto la Februari la Dar mnalijua. Mwaka jana AC ikaanza kutoa vuguvugu. Fundi wa kwanza hakuinama hata kuchungulia: "Gesi imeisha, boss." Akajaza, elfu sitini, baridi ikarudi, nikasahau. Wiki ya tatu joto lile lile. Nikamrudia, akasema ile gesi ya mwanzo ilikuwa feki, akajaza nyingine. Hiyo haikumaliza hata wiki mbili.

Ndipo nikaelekezwa kwa mzee mmoja Ilala. Akaniuliza: "Friji la nyumbani kwako huwa unalijaza gesi kila mwezi?" Nikacheka, nikasema hapana. Akasema, "Basi na hili ni friji. Gesi yake haichomwi kama petroli, inazunguka tu humo humo. Ikipungua haraka hivi, kuna tundu."

Akaweka gesi kidogo pamoja na rangi maalumu, akaniambia niendeshe siku tatu nirudi jioni giza likiingia. Nikarudi. Akavaa miwani ya njano, akamulika kwa taa ya zambarau, na pale chini ya kondensa, ile rejeta ya AC ya mbele ya gari, pakawaka kijani kama ute wa konokono. Jiwe la barabarani lilipiga, likaacha tundu dogo hata kwa macho ya mchana hulioni. Akafunga kondensa nyingine, drayer mpya (kile kichujio cha kunyonya unyevu) na o-ringi mpya (pete za mpira za maungio), akavuta vakyumu, yaani kunyonya hewa yote humo, dakika 40, kisha akapima gesi kwenye mizani kufuata gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko cha chini ya boneti. Sikuwahi kuona fundi anapima gesi kwa mizani. Wengine wanakisia kwa kushika paipu.

Mpaka leo ni baridi. Haya, nani anafuata?

Kijana wa Likoni
Mimi niko Mombasa. Yangu ilikuwa vituko. Nikiwa barabara ya Kilifi, gari linakimbia, baridi mpaka watoto wanalia wafungiwe. Nikifika foleni ya feri tu, dakika tano, hewa ya jikoni! Makanika wa kwanza akataka kubadilisha kompresa, ile pampu ya kusukuma gesi. Bei aliyotaja ilinirudisha nyumbani kimya kimya.

Rafiki yangu akaja na ndoo ya maji. Gari likiwa limesimama, injini inanguruma, AC imewashwa, akamwagia kondensa ile ya mbele taratibu. Baridi ikarudi hapo hapo! Akasema kompresa iko sawa, kondensa ndiyo haipati upepo. Ukikimbia, upepo wa barabarani unaipoza. Ukisimama, ni kazi ya feni. Kuangalia feni, haizunguki kabisa. Brashi za mota zimekwisha. Feni ya mtumba, shilingi 3,500, basi.

Bi Mkubwa wa Tanga
Nyie mna shida ya joto, mimi nilikuwa na shida ya bwawa. Kapeti ya upande wa abiria inalowa kila siku. Nikamgombeza mwanangu wa mwisho kwamba anamwaga juisi, mtoto wa watu akaapa mpaka akachoka. Fundi akasema hita imetoboka, lazima dashibodi yote ishuke. Nikaogopa, dashibodi ikishushwa mtaani huwa hairudi bila kelele.

Shemeji yangu akachovya kidole, akanusa. Maji ya rejeta, ndiyo yanayopita kwenye hita, yana rangi na yananuka utamu utamu. Haya yalikuwa meupe, hayana harufu. Akaniuliza: "Shemeji, siku hizi ukiegesha unaona maji yanadondoka chini?" Kweli, muda mrefu sijayaona! Kumbe hewa yetu ya pwani imejaa unyevu, ikipita kwenye evapoleta, kile kipoza hewa cha ndani ya dashibodi, inatoa jasho, na jasho hilo lina kipaipu chake cha kutokea chini ya gari. Cha kwangu nyigu walikuwa wamejenga kwa udongo. Akachokonoa kwa waya laini, maji yakamwagika kama mtu kafungua bomba. Hakunitoza hata senti, alikula biriani tu.

Mwanangu nilimwomba radhi kwa ubuyu.

Dereva_45
Mnapenda kujipa kazi. Mimi kila miezi minne najaza, tena fundi wangu anatumia ya mtungi wa jikoni, nusu bei, na inapoza kuliko hiyo yenu. Maisha yanasonga.

Fundi Geji
Dereva_45, kaka, hapo nakukatalia. Kupoza inapoza, sikatai. Lakini ile inashika moto, na evapoleta iko ndani ya dashibodi, mbele ya magoti yako. Ikivuja huko, umefunga vioo, halafu mwenzako anawasha sigara? Mimi gari la namna hiyo siliunganishi na mashine yangu ya kunyonya na kujaza gesi, maana nitachafua gesi ya wateja wengine.

Kwa wengine: fundi akija na geji, simama uangalie, msimwachie tu. Gari likiwa limezimwa muda mrefu, saa zote mbili za geji, ya presha ya chini na ya presha ya juu, husoma sawa. Kwenye joto la digrii 30, R134a, gesi ya AC ya magari mengi, hukaa karibu na psi 97 (psi ni kipimo cha presha). Ukiwasha, upande wa chini unashuka kwenye 30 hadi 45, wa juu unapanda 150 hadi 250 hivi, kutegemea jua. Zote mbili zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, ama imejazwa kupita kiasi ama kondensa haipoi, kama ya huyo wa Likoni. Wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, hapo ndipo nashuku kompresa. Na sindano ya chini ikizama mpaka kwenye vakyumu, kuna kuziba, mara nyingi ekspansheni valvu, kile kitundu chembamba kinachoshusha presha ya gesi, au unyevu umeganda mle.

Kabla ya yote hayo sikiliza: ukibonyeza AC, klachi ya kompresa inapiga "tak"? Kama haipigi, anza na fyuzi na rilei. Nimewahi kupokea gari lililobadilishwa kompresa mara mbili, kosa ni rilei.

Na kompresa ikifa kwa kusagika, inatema vumbi la chuma kwenye mfumo mzima. Ukifunga nyingine bila kusafisha paipu na kubadilisha drayer na valvu, na mara nyingi kondensa pia, utarudi mwezi ujao.

Msimwage gesi hewani pia. Kilo moja ya R134a inapasha dunia joto kuliko kilo elfu moja za hewa ukaa, ndiyo maana ikaingizwa kwenye makubaliano ya Kigali ya 2016, ya kupunguza gesi za namna hiyo. Magari mengi mapya ya Ulaya yanakuja na gesi nyingine, R1234yf, na bei yake msiniulize nikiwa nakula.

Kombo wa Maskati
Sisi huku Oman kiangazi kinapita digrii 45, AC ikifa hufiki kazini. Adui wetu ni vumbi: kondensa inajaa mchanga kama ungo. Mimi naiosha kwa maji ya mpira tu, si mashine ya presha, ile inalaza vile vibati vyake. Na gari likiwa limechomwa na jua, nafungua vioo vyote dakika moja mbili joto litoke, ndiyo nafunga na kubonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani.

Mtoto wa Aqua
Wakuu, mimi AC ya Toyota Aqua yangu ilijazwa gesi na mafuta mapya ya kompresa, wiki hiyo hiyo gari likaanza kuwasha taa za dashibodi. Fundi anasema ni bahati mbaya.

Fundi Geji
Aliweka mafuta gani? Hiyo ni haibridi, ya petroli na umeme, kompresa yake inaendeshwa na umeme mkubwa, zile waya za rangi ya chungwa. Inataka mafuta yake ya aina ya POE, yanayoitwa ND-11. Mafuta ya PAG, ya magari ya kawaida, yanapitisha umeme. Kompyuta ikiona umeme unavuja, inagoma. Usiiguse mwenyewe, na huyo asiiguse tena.

Mtoto wa Aqua
Nimempigia. Anasema "ya kawaida tu, ya kijani."

Mzee wa Foleni
Pole sana mdogo wangu. Chupa aliyotumia iombe, uende nayo kwa atakayekutengenezea.

Dereva_45
Fundi Geji, nimemulika kwa tochi hapa nyumbani. Kwenye maungio ya paipu nene kuna vumbi limegandia mafuta mafuta, nadhani ndipo gesi inapovujia. Jumamosi unapatikana?