Fuko anamaliza nyasi za uani

Swali:
Jamani, nisaidieni. Kila asubuhi nakuta vilima vipya vya udongo, na kati yake ardhi imeinuka kama mshipa. Nikikanyaga, mguu unadidimia. Nyasi za juu yake zimekuwa njano. Anakula mizizi?

Jibu:
Pole sana. Chimba uangalie. Mizizi ikiwa haijatafunwa, huyo ni fuko mla minyoo na mabuu. Nyasi zinanyauka kwa sababu handaki limeacha mizizi ikining'inia hewani. Ikiwa imegugunwa, mtafute panya.

Jibu:
Kanyaga njia zote leo. Itakayoinuka tena kesho ndiyo anayopita. Tega mtego hapo, nyingine achana nazo.

Muulizaji:
Nimechimba. Mizizi mizima, inaning'inia tu tunduni! Nimeshindilia udongo, nikamwagilia.