MJADALA: Kitunguu saumu kinashusha kolesteroli kweli, au tunawaachisha wagonjwa dawa bure?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kurushiana maneno, maana kwangu limeshafika nyumbani.

Shangazi yangu ana presha, na kolesteroli yake ilipanda akaanzishiwa atorvastatin, dawa ya kundi la statini ya kushusha kolesteroli. Siku nimeenda kumsalimia, nafungua friji nichukue maji nakutana na chupa ya lita moja na nusu: kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, vyote vimesagwa pamoja, machicha ya manjano yametuama chini. Kijiko cha supu kimoja kila alfajiri kabla ya kutia kitu mdomoni. Vidonge viko kwenye droo, karatasi nzima haijaguswa. Namuuliza, ananijibu: "Mwanangu, hiki kinazibua mishipa. Vile ni sumu tu." Alikuwa ametumiwa sauti ya WhatsApp. Alipokuja kupima tena, lehemu mbaya, yaani LDL, ilikuwa imerudi kule kule ilikokuwa kabla ya dawa.

Mtu mmoja si ushahidi, najua. Ndiyo maana nikaenda kusoma tafiti, na watetezi wa kitunguu saumu nawapa haki yao kwanza. Mwaka 2013 ulichapishwa uchambuzi uliounganisha majaribio 39. Kwa watu ambao kolesteroli yao yote ilizidi 200, wakatumia kwa zaidi ya miezi miwili, ilishuka kwa takriban 17 na LDL kwa 9. Hizo ni mg/dL. Kwa vipimo vyenu vya mmol ni kama 0.4 na 0.2. Kwa hiyo anayesema hakifanyi kitu kabisa naye anakosea.

Ila tupige hesabu. Mwenye LDL ya 190 akipunguza 9 anabaki na 181. Dawa za kundi la statini hupunguza LDL kwa asilimia 30 hadi 50, kwa hiyo mtu huyo huyo anaweza kufika 133, au hata 95. Hapo ndipo ninaposimama: kitunguu saumu kiwe mboga, kisiwe mbadala wa kidonge.

Wengine watasema tatizo ni kwamba tunakipika. Ni kweli, alisini, kiambato kinachosifiwa kwenye kitunguu saumu, hutokea punje inapopondwa au kukatwa, na moto unakiua kimeng'enya kinachoitengeneza. Lakini Chuo Kikuu cha Stanford walilijaribu hilo hilo, matokeo yakatoka 2007. Watu 192, miezi sita, siku sita kwa wiki. Kundi moja lilikula kitunguu saumu kibichi ndani ya sandwichi, kiasi cha punje moja kwa siku, mengine mawili yakapewa vidonge vyake vya aina mbili, la nne kidonge kisicho na dawa. LDL haikushuka kwa maana yoyote katika kundi lolote.

"Hizo ni tafiti za kampuni za dawa!" Ule wa 2022 uliolinganisha rosuvastatin, statini nyingine, na virutubisho, kikiwemo kitunguu saumu, kweli ulifadhiliwa na AstraZeneca wanaotengeneza dawa hiyo, tena ulikuwa wa siku 28 tu. Uwekeni pembeni kama hamuuamini. Ule wa Stanford ulilipiwa na serikali ya Marekani.

Na hii hoja ya "asili dhidi ya kemikali" inaniuma zaidi, kwa sababu ndiyo iliyomteka shangazi. Statini ya kwanza kabisa Mjapani Akira Endo aliipata kwenye ukungu, miaka ya 1970. Ukungu nao ni asili.

Halafu kuna jambo ambalo wauza mchanganyiko hawalisemi: kitunguu saumu kwa wingi hupunguza uwezo wa damu kuganda. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, au anayesubiri upasuaji, anaweza kuvuja damu kupita kiasi. Mwambieni daktari mnachokunywa, hata kama mnaona aibu.

Shangazi amerudi kwenye vidonge, na kitunguu saumu anakitwanga kwenye mchuzi kama zamani. Sasa nawauliza mnaowashauri watu waache dawa: nani kati yenu ana majibu ya maabara ya kabla na baada, ya mtu aliyetumia kitunguu saumu peke yake, bila kubadili chakula wala kuanza mazoezi? Tuwekeeni namba za LDL hapa tuzisome pamoja.