Kulalamikia shirika la ndege: fomu, mitandao, benki au mamlaka?

Begi_Kilema: Wakuu habari. Begi langu limetoka kwenye mkanda na tairi moja, mpini unaning'inia. Nimeshapiga simu mara tatu, kila anayepokea ananianzisha upya. Njia ipi inazaa matunda?

Kongwe: Pole mkuu. Ulitoa ripoti dawati la mizigo kabla hujatoka uwanjani? Hiyo karatasi yenye namba ndiyo roho ya kesi. Simu achana nazo, haziachi ushahidi. Kwa safari za kimataifa, Mkataba wa Montreal wa 1999 unakupa siku 7 tangu ulipopokea begi lililoharibika uwe umelalamika kwa maandishi. Lililochelewa, siku 21 tangu ukabidhiwe. Zikipita, utalia na mto wako.

Bi_Safari: Mimi niliwaanika mtandaoni, nikajibiwa ndani ya dakika kumi! "Tunasikitika sana, tutumie namba ya tiketi." Halafu kimya wiki mbili. Anayejibu kule hana funguo za kasha la pesa. Siku hizi nawasilisha fomu kwanza; kelele napiga nikiwa na namba ya malalamiko mkononi.

Begi_Kilema: Ripoti ninayo, leo siku ya 4. Niandike nini?

Kongwe: Andika fupi. Namba ya ndege, tarehe, namba ya kile kibandiko cha begi, picha, risiti kama unayo. Kisha TAJA UNACHODAI. Watu wanajaza kurasa tatu za uchungu, wanasahau kusema wanataka nini. Mfano: "Nadai gharama ya matengenezo, au thamani ya begi kama halitengenezeki, kwa mujibu wa ibara ya 17 ya Mkataba wa Montreal. Naomba jibu ndani ya siku 14." Baki na nakala.

Mzee_wa_Risiti: Kuiomba benki ikurudishie malipo kunafaa zaidi safari ikifutwa, ulilipa kwa kadi, na shirika halirudishi nauli. Kwa begi lililovunjika usijichoshe. Mamlaka ya anga nayo kwa kawaida itakuuliza kwanza shirika lilikujibu nini, kwa hiyo iweke akiba. Kufungua kesi mahakamani una miaka 2. Halafu wakikupa vocha, soma masharti kabla ya kukubali. Huenda umefunga madai yako bila kujua.

Bi_Safari: Hapo kwenye vocha yalinikuta. Sisemi zaidi.

Begi_Kilema: Nimetuma. Mistari sita. Neno "mmenidhalilisha" nimeliandika mara mbili, nikalifuta mara mbili.