MJADALA: Mambo ya Land Rover za zamani tubaki nayo WhatsApp, au tufungue jukwaa letu?

Kibati110 (mleta mada), Arusha

Wakuu, heshima kwenu. Mada hii nimeikalia muda mrefu, leo naileta mezani kwa kuwa hasira zimepoa na injini imeshafungwa.

Wengi mnajua nina Defender 110 yenye injini ya dizeli ya 300Tdi. Fundi wa mwenye gari wa kwanza aliandika kwa rangi nyeupe, kwenye kifuniko cha mbele cha injini, maili za siku aliyofunga mkanda wa taimingi, ule unaozifanya valvu na pistoni zifuate zamu. Nilipoona zimekaribia 40,000 tangu siku hiyo, nikauliza kwenye kundi letu la WhatsApp: huu mkanda unabadilishwa kwa maili ngapi? Dakika haikuisha, mtu akajibu: "72,000 kaka, we tembea." Nikatembea.

Ukakatika mbele ya Engaruka nikielekea Natron, saa nane mchana. Wanaoijua njia ile wanajua hapo unabaki na nani: wewe, vumbi na mbuzi. Gari ilizima kama taa. Nikavutwa mpaka Mto wa Mbu, tukafungua juu, tukakuta pushirodi, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zimepinda. Valvu na pistoni zilipona, fundi akaniambia nikatoe sadaka.

Sasa sikilizeni. Nikiwa gereji nasubiri spea, nikaanza kupandisha kundi juu kwa kidole mpaka siku ile niliyouliza. Saa tatu baada ya swali langu, mzee mmoja aliandika: "Hiyo 72,000 ni ya gari la lami. Kwa vumbi na kazi ngumu ni 36,000." Jibu lilikuwepo! Ila kati ya swali langu na jibu lake ilikaa kadi ya mchango wa harusi, tangazo la msiba, watu kama arobaini wakiandika pole, bango la Ijumaa Mubarak na ubishi mrefu wa Simba na Yanga. Mimi nilishachukua 72,000 yangu nikalala.

Simlaumu kijana aliyenijibu. Alijibu alichokijua. Ninacholalamikia ni mahali penyewe. Kwenye jukwaa la mtindo wa zamani, mada moja na majibu yake chini, maneno ya mzee yangekaa chini ya maneno ya kijana mpaka leo, na anayekuja mwakani angeyasoma yote mawili. WhatsApp anayeingia leo hayaoni ya mwaka juzi. Na kundi lenyewe limejaa, 1,024, haingii mtu mpaka atoke mtu.

Napendekeza tufungue jukwaa la Kiswahili la Land Rover, kundi libaki la salamu na michango. Nipingeni.

FundiGerezani, Dar

Pole mkuu. Nakupinga, tena kwa kifupi maana mikono ina oili na hapa naandikiwa na binti yangu.

Mimi siandiki, mimi nasikiliza. Mtu ananirekodia injini inavyolia, naweka simu sikioni, najua hizi ni tapeti au hii ni nozeli. Namrudishia sauti ya dakika mbili, narudi chini ya gari. Jukwaa linataka akaunti, neno la siri, barua pepe. Barua pepe sina na sijawahi kuihitaji kufungua giaboksi. Mafundi wote mnaowategemea tuko WhatsApp. Mkihama mtahama wenye magari peke yenu, mkaelekezane nyinyi kwa nyinyi.

Na bando. Vijana wangu hapa gereji wananunua la WhatsApp. Kufungua tovuti zenye mapicha ni bando lingine.

DadaDefa, Nairobi

Nakubaliana na fundi, ingawa kwa sababu nyingine. Niliwahi kukwama kabla ya kufika Kajiado, saa mbili usiku, mtoto amelala kiti cha nyuma. Niliandika kundini mstari mmoja na kutuma lokesheni. Dakika sita baadaye jamaa ambaye sijawahi kumwona alinipigia, na kabla ya saa nne alikuwa amefika na kamba. Jukwaa lingenivuta na nini?

Mleta mada, wewe uliuliza swali la kitabu kwenye kundi la dharura. Ungefungua kitabu cha gari.

Kibati110

Dada, kitabu cha gari lililopita kwa watu watano? Nilikabidhiwa funguo moja na kadi. Lakini nimekuelewa, na hilo la Kajiado sina jibu nalo.

SirizTatu, Nyeri

Niruhusuni niseme kidogo, nimeishi pande zote mbili.

Gari langu ni Series III, Land Rover ya kabla ya Defender. Klachi ilinisumbua miezi miwili: unatoa hewa kwenye mfumo wa mafuta yake, kesho pedali imezama tena. Makanika watatu walibadilisha silinda ya juu, wakabadilisha ya chini, wakaniambia niuze. Aliyenitoa ni mtu wa Australia aliyeandika kwenye AULRO, jukwaa la wenye Land Rover wa huko, miaka mingi kabla sijalinunua gari. Alieleza kwamba silinda ndogo ya chini, ikiwa imefungwa mahali pake, hewa hujificha juu kuliko tundu la kutolea. Kwa hiyo ifungue bolti zake, mpira wake wa mafuta usiuguse, iinamishe mpaka tundu liwe ndilo la juu kabisa, sukuma pistoni ndani, ndipo utoe hewa. Nilifanya hivyo Jumamosi moja nikiwa nimelalia gunia, na ile klachi ilishika mpaka leo. Sijui kama mtu yule bado yu hai. Hakuniandikia mimi, ila nilimkuta.

Hapo mleta mada ana haki kabisa. Kwenye kundi la WhatsApp unamkuta aliye macho saa hiyo. Jukwaani unawakuta hata waliolala.

Lakini msidhani jukwaa ni jiwe. Mtu yule aliandika "tazama mshale mwekundu kwenye picha ya tatu", na picha ya tatu haipo. Hakuna hata moja. Watu wa enzi hizo walikuwa wakihifadhi picha Photobucket kisha wanazionyesha jukwaani. Mwaka 2017 Photobucket ikasema anayetaka picha zake zionekane kwenye tovuti za watu wengine alipe dola 399 kwa mwaka. Mafundi wa bustani, wa redio, wa magari, wa saa, dunia nzima, kazi zao za miaka kumi zikageuka maelezo bila michoro. Ule mshale nilibuni mwenyewe ulikuwa unaelekea wapi. Na walioweka makundi yao Yahoo Groups ndio wameisha kabisa: yaliyomo yalianza kufutwa Desemba 2019, mwaka uliofuata huduma yenyewe ikafungwa.

Kwa hiyo tukifungua letu, picha zikae humohumo ndani, na mtu awe anatunza nakala. Vinginevyo tutajenga kibanda kwenye kiwanja cha mtu.

Kobe_wa_Lindi

Facebook je? Mbona hamuisemi?

DadaDefa

Kundi la Facebook lipo. Ukitafuta "radiator" unaletewa mtu anauza viatu. Ndiyo maana hatuisemi.

Kobe_wa_Lindi

Sawa. Niongeze tu: Oktoba 4, 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizima pamoja karibu saa sita. Mimi nilikuwa Tunduru, difu ya nyuma imekatika ekseli, nimeshika simu nadhani bando limeisha. Nikanunua lingine. Kisha lingine.

MzeeWaBaraza, Tanga

Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Nina swali ambalo hakuna aliyeligusa: nani atakuwa mwenye jukwaa?

Nauliza kwa sababu nakumbuka. Mwaka 2018 zilipotoka kanuni za maudhui ya mtandaoni, mwenye blogu au jukwaa Tanzania alitakiwa leseni, na ada ya leseni yenyewe ilikuwa shilingi milioni moja ukiacha ya maombi na ya kila mwaka. Mwezi Juni TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ikaagiza wasiosajiliwa wasimame. JamiiForums, pamoja na ukubwa wake wote, ilizima kwa muda. Blogu za mapishi na za ushairi ziliondoka kimyakimya, hakuna aliyezilia. Kanuni zimeguswa mara kadhaa tangu hapo, lakini funzo nililolipata mimi ni kwamba jukwaa lina mwenyewe, na mwenyewe ana jina na anuani. Kundi la WhatsApp likifungwa asubuhi, jioni mmefungua jingine, hakuna aliyelipia kitu.

Halafu kuna kufagia. Nilisaidia kusimamia jukwaa dogo la wapenda redio za masafa mafupi. Kila alfajiri kabla ya chai nilikuwa nafuta matangazo ya waganga na mikopo ya haraka. Watu walioandika kuhusu redio walikuwa tisa. Siku nilipolazwa wiki mbili nilirudi nikakuta jukwaa zima ni dawa za nguvu za kiume. Aliyelifungua akachoka kulipia, likafa. Pamoja na makala zangu, nakala sikuwa nayo.

Sipingi. Nataka jina la mtu.

BinSeif, Muscat

Assalaam aleykum. Mzee kasema kweli. Huku Ghuba nasi tulikuwa na majukwaa ya Kiarabu, tukiyaita muntada, watu wanafundishana jangwa na magari usiku kucha. Vijana wakahamia kwenye simu, mengine yamebaki magofu, mengine hayafunguki kabisa. Hayakuuliwa na serikali wala na bei. Wale watano waliokuwa wakijibu kila swali walichoka kujibu.

Mimi naagiziwa spea Sharjah na watu wa kundi hili hili, wala sijapata kudhulumiwa. Hiyo imani imejengwa kwa sauti na kwa salamu, na hata kwa hizo kadi za harusi mnazozicheka. Mtu niliyemchangia harusi ya mwanawe hawezi kuniuzia gasketi bandia. Angalau atasita.

Kibati110

Nimewasoma wote. Kadi za harusi nazifutia kesi.

Ila bado sijatoka pale pale. Tuseme tumebaki WhatsApp. Yule mzee wa 36,000 ameshatoka kundini, simu iliharibika. Alichokijua kimeenda wapi? SirizTatu alimkuta Mwaustralia wake kwa kuwa Mwaustralia alikaa chini akaandika sentensi kamili, yenye mwanzo na mwisho. Sisi wataalamu wetu wanaongea. Fundi wa Gerezani ana sauti pengine mia tano kwenye kundi hili na hakuna mtu hata mmoja anayeweza kuipata ile ya mwaka jana kuhusu pampu ya dizeli. Nimejaribu jana usiku, nimesikiliza sauti thelathini na moja. Nimesikia adhana mara nne.

Naanza kuona hata tukipata jukwaa la bure lenye leseni na picha zake, litakaa tupu. Wa kuandika ni nani?

FundiGerezani

Shikamooni. Huyu ni binti yake, baba ameenda kuswali.

Mimi ndiye ninayemwandikia, na kusema kweli hii hoja inanihusu kuliko nyinyi. Tangu mwaka jana nina daftari. Baba akijibu swali ambalo ameshalijibu zaidi ya mara tatu naliandika, kwa sababu na mimi hapa gereji naulizwa akiwa hayupo. Yako kumi na saba mpaka sasa. Hili ndilo linaloongoza, naliweka kama lilivyo:

*300Tdi inapoteza maji, yanachuruzika mbele upande wa altaneta, na hedi (kichwa cha injini) haina tatizo. Wengi wananunua pampu ya maji, wanafunga, maji yanaendelea. Kabla ya kununua pampu tazama nyuma ya lile bano kubwa la aluminiamu linalobeba pampu ya maji, altaneta na pampu ya stelingi. Kati yake na bloku kuna gasketi ndogo yenye umbo la herufi P. Ikiliwa, maji hutokea hapo na kushuka chini ya pampu, ndiyo maana unailaumu pampu. Gasketi ni bei ndogo, kazi ni kufungua: feni, mikanda, altaneta, vyote vinashuka. Ukisafisha uso wa aluminiamu usitumie patasi. Ukichimba mkwaruzo mmoja umejirudisha hapo hapo. Usiendelee kuongeza maji ukitembea, kwa kuwa hedi ya gari hii ni aluminiamu, ikichemsha inapinda.*

Wakubwa mkiamua pa kuyaweka mniambie. Kama ni jukwaa nitachapa, kama ni kundi nitatuma. Ila kuchapa kumi na saba si kazi ya dakika, na mimi nina mitihani Novemba.

SirizTatu

Binti, hongera. Mstari wa pili ongeza kwamba gauni... samahani, simu inaniandikia. Ongeza kwamba ukishalitoa bano, kagua na uso wake unaokaa kwenye bloku. La rafiki yangu lilikuwa limeliwa na kutu ya maji ya bomba. Gasketi mpya haikushika mpaka likabadilishwa lote.

MzeeWaBaraza

Jina la mtu nimelipata. Mitihani kwanza, mwanangu. Ada ya mwaka wa kwanza ya popote mtakapoamua mimi natoa robo.

Kobe_wa_Lindi

Natoa robo.

FundiGerezani

Nimerudi. Amesahau kuandika usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Hilo huwa nalisema la kwanza. Aliweke juu kabisa.