Nimepata reli ya mfano ya Wales, chumba ni kidogo. Nikate ubao au niache?

#1 MtuWaMuheza

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni msomaji tu humu miaka mingi, sijawahi kufungua uzi, kwa hiyo mnivumilie.

Niko Wrexham, Wales, huu mwaka wa tatu. Nimepata reli ya mfano, ile ndogo inayotembea kwa umeme wa volti 12. Si ya kitoto. Imejengwa juu ya ubao mmoja wa futi 8 kwa 2. Ni stesheni ya mwisho wa njia, inaitwa Pont-y-gog, mwaka 1958: jengo moja la mawe, jukwaa moja, ghala la mizigo, njia ya pembeni ya kuzungushia injini, na kulia kuna kilima. Reli inaingia chini ya kilima, na kule ndani kumefichwa njia tatu ambazo ndiyo "dunia nyingine yote". Treni inatoka duniani, inafika Pont-y-gog, inarudi duniani.

Shida ni chumba. Nina kimoja tu, na ubao unakaa kwa kusimama kama mlango. Nikiulaza, unalala juu ya kitanda changu na mimi nalala chini. Nimewaza kuukata katikati, vipande viwili vya futi 4, niviunganishe siku za mapumziko. Lakini hapo katikati zinapita reli mbili na nyaya kibao. Nikate au niache? Na kama ni kukata, nakataje treni zisije zikaanguka kwenye kiungo?

#2 Kibogoyo

Nimesoma nusu nikidhani mke kakutimua.

#3 MamaWatatu

Kaka, nisikukwaze, ila kuna watu huko kwenu Muheza wanasubiri hela ya ada, wewe uko Ulaya unapanga treni za kuchezea. Wanaume mkivuka bahari mnarudi utotoni.

#4 Fundi Randa

Achaneni na ada, kauliza ubao. Mkuu, usikate! Funga bawaba ukutani, ubao unyanyuke uegemee ukuta, chini yake weka miguu ya kukunja. Mimi nimemtengenezea mteja Sinza kitanda cha namna hiyo, mpaka leo hakijamwangukia. Nipe kimo cha dari na aina ya ukuta.

#5 MtuWaMuheza

Fundi, ukuta si wangu, ni nyumba ya kupanga. Kutoboa tundu moja tu ni barua. Dada MamaWatatu, ada nimelipa.

#6 Mzee Mataruma

Nimefurahi kuona kijana anajua njia ya kuzungushia injini. Mimi nimetumika reli miaka 31, zaidi njia ya Tanga. Hebu nikuulize, hiyo stesheni yako ina fimbo? Maana njia moja ya tawi kama hiyo haiendi kwa kubahatisha. Waingereza kwenye vitawi vyao walitumia fimbo moja ya mbao: dereva asiye nayo mkononi haingii njiani, na kwa kuwa fimbo ni moja, treni mbili haziwezi kukutana. Rahisi na hakuna umeme. Sisi pia, bila kibali cha njia mkononi hutoki, hata kama bwana mkubwa yumo ndani anaangalia saa. Siku moja pale Korogwe tuliketi saa nne na mbuzi sabini kwenye behewa, kibali kimesahaulika mfukoni mwa mtu aliyekwenda mazikoni. Mbuzi wakala mapazia. Nitawasimulia siku nyingine.

#7 Kibogoyo

Mzee, behewa la mbuzi lilikuwa na mapazia?

#8 Mzee Mataruma

Ndiyo maana nimesema nitasimulia siku nyingine.

#9 Sanura wa Kilindini

Kwa nini usiibadilishe iwe ya kwetu? Futa hiyo Pont-nini, andika Voi au Korogwe, panda minazi.

#10 Chuma Mbili

Dada Sanura, haikubali. Hiyo ni OO, kipimo cha kawaida cha reli za mfano za Uingereza, nafasi kati ya reli ni milimita 16.5, na kila futi moja ya kweli ni milimita 4. Reli yetu ya zamani ni ya meta moja. Kwa vipimo hivyo ingetakiwa milimita 13 hivi. Ukiandika Korogwe juu ya njia pana vile, Mzee Mataruma atazimia. Hata kwa reli ya Uingereza yenyewe, ya milimita 1,435, hiyo 16.5 ni nyembamba, ilitakiwa karibu 19, ila wameshaizoea tangu kabla ya vita na hakuna wa kuwaambia kitu.

Mleta uzi, injini gani? Na umenunua kiasi gani? Injini moja tu mpya ya kiwango siku hizi ni zaidi ya pauni 100.

#11 MtuWaMuheza

Injini ni tatu. Mbili zina tangi kama shogi la punda, limening'inia pande zote mbili za bomba. Ya tatu ni ile ndogo ya mvuke, aina ya 14xx, na behewa lake moja, ambayo ikirudi haigeuzwi: injini inasukuma kutoka nyuma, dereva anahamia mbele kwenye behewa, mchochea moto anabaki peke yake kwenye injini. Hiyo ndiyo naipenda.

Sikununua. Nilipewa.

#12 Chuma Mbili

Ulipewa injini tatu na stesheni? Na nani?

#13 MtuWaMuheza

Mtu tu. Turudi kwenye kukata.

#14 Chuma Mbili

Haya. Kukata: chora mstari mbali na pale njia inapogawanyika. Kila upande wa mstari, chini ya kila reli, zamisha skrubu ya shaba, kichwa kiguse reli kutoka chini, kisha lehemu reli kwenye kichwa cha skrubu. Hapo reli haiendi popote hata ukiutikisa ubao. Ndipo ukate reli kwa kisahani chembamba cha mashine ya mkono, MWISHO kabisa ndio mbao. Ukianza na mbao, reli zitapinda na hutazinyoosha tena. Nyaya zipitishe kwenye plagi. Vipande vishikwe na pini za chuma zinazoingia kwenye vikombe vyake, pamoja na bolti mbili.

#15 MtuWaMuheza

Na kama mtu alishaanza na mbao?

#16 Fundi Randa

Alishaanza kiasi gani?

#17 MtuWaMuheza

Sentimita 20. Kwa chini tu. Jana usiku. Ila nilipima kwanza.

#18 Fundi Randa

Sasa ushauri unaomba wa nini?

#19 Dada wa Leicester

Mimi ndilo swali langu tangu juzi nasoma. Kaka, mtu hapewi kitu cha namna hiyo na "mtu tu". Niko Uingereza mwaka wa kumi na moja. Unafanya kazi gani huko Wrexham?

#20 MtuWaMuheza

Natunza wazee majumbani.

#21 Dada wa Leicester

Nilijua. Na aliyekupa ni mteja wako.

#22 MtuWaMuheza

Alikuwa. Amefariki mwezi wa pili.

Sawa, niseme. Babu huyu nilikuwa namwendea asubuhi na jioni, miezi 14. Dawa, chai, kuoga. Muda ni dakika 30, lakini yeye dakika 10 za mwisho alitaka tuendeshe treni. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, hawezi kuliweka behewa relini, basi mimi naweka, yeye anaamrisha. Stesheni aliibuni mwenyewe. Kulikuwa na njia ya kweli ya Ruabon mpaka Barmouth, yenyewe ilifungwa Januari 1965, na yeye akawaza kwamba kati ya Corwen na Bala kilitoka kitawi cha kwenda kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea. Ana daftari zima: ratiba, nauli, hata jina la mbuzi wa mkuu wa stesheni.

Alikulia karibu na njia nyingine, ya Bala kwenda Blaenau Ffestiniog. Treni za kawaida za abiria ziliishia Januari 1960, kisha bonde likafanywa bwawa la kuwapelekea maji watu wa Liverpool. Kijiji cha Capel Celyn kikazama chote, shule, kanisa, makaburi. Alisema hawezi kuijenga ile ya kweli, kila akianza anaona maji. Akajenga ambayo haikuwahi kuwepo, haina wa kuifunga.

Baada ya mazishi binti yake alinipigia, akasema baba kaacha barua, ubao ni wangu, niumalizie. Nikaenda na gari la rafiki usiku.

#23 Dada wa Leicester

Usiku kwa nini?

#24 MtuWaMuheza

Kazini kanuni ni kutopokea zawadi za wateja. Chokoleti tu unaiandikisha. Na kibali changu cha kukaa kimefungwa na mwajiri huyo huyo. Sijawaambia. Lakini barua ninayo, mzee hakuwa mteja tena siku ile, na yale si mali, ni mbao na gundi. Ndiyo maana niliuliza kuhusu kukata TU.

#25 MamaWatatu

Pole kwa msiba, kaka. Yale ya juu nimeyafuta moyoni.

#26 Dada wa Leicester

Injini tatu si mbao na gundi. Mwenzetu mmoja hapa alipokea saa ya ukutani ya bibi, mjukuu akasema imeibwa. Mwajiri aliyedhamini kibali akikuachia, kwa kawaida uhamiaji wanakupa siku 60 utafute mwingine au ufunge virago. Kesho asubuhi waandikie ofisini wewe mwenyewe, ambatisha barua, muombe na binti aandike. Kabla hawajasikia kwa jirani aliyeona gari usiku.

#27 Chai Haina Sukari

Samahani wakuu, mimi nanusa CHAI humu. Nimekaa saa nzima na ramani, nimetafuta Pont-y-gog kwenye orodha ya stesheni zote za Wales, zilizopo na zilizofungwa. HAKUNA. Jamaa katunga stesheni, katunga babu, bwawa nalo tusubiri katunga. Kesho atatuomba mchango wa gundi.

#28 Kibogoyo

Hahahaaa! Chai, hebu rudi #22 usome taratibu.

#29 Chai Haina Sukari

Nimesoma. Stesheni haipo.

#30 Chuma Mbili

HAIPO NDIYO. Kaambiwa aliyeibuni ni babu!

#31 Chai Haina Sukari

Basi babu ndiye mtunzi wa chai. Mtu mzima anaandika nauli za treni isiyokuwepo, na nyie mnalia.

#32 Mzee Mataruma

Mwanangu, mimi nimefanya kazi na ratiba za treni zisizokuwepo kwa mshahara wa serikali.

#33 Asali ya Cardiff

Bwawa si chai. Linaitwa Llyn Celyn, nimefika. Bunge la London lilipitisha sheria yake 1957, na karibu wabunge wote wa Wales waliikataa, haikusaidia. Mpaka leo karibu na Llanrhystud kuna ukuta umeandikwa "Cofiwch Dryweryn", yaani kumbukeni Tryweryn, ndilo bonde lenyewe. Ona hapo, jina ni Tryweryn lakini kwenye ukuta T imekuwa D. Kiwelshi ndivyo kilivyo, herufi ya mwanzo inabadilika kwa kufuata jirani.

Mleta uzi, Pont-y-gog maana yake nini? Ukijibu hili mimi nakuamini.

#34 MtuWaMuheza

Daraja la yule ndege anayetaga kwenye viota vya wenzake. Ndege ni cog, ikitangulia y anakuwa gog. Babu aliponieleza nikamwambia hata kwetu ulimi ukizidi mmoja ni ndimi. Akaniuliza kama hilo nalo mlifundishwa na Waingereza. Nikamwambia hapana, hilo walilikuta.

#35 Asali ya Cardiff

Huyu ni wa kweli. Na "Gog" ndivyo watu wa kusini tunavyowatania watu wa kaskazini. Babu alikuwa anajicheka.

#36 Chai Haina Sukari

Ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake. Kwa hiyo kakuchagua wewe utage treni yake kwenye fleti yako. Sawa, weka picha.

#37 MtuWaMuheza

Picha siweki mpaka ofisi ijue.

Jambo moja zaidi, maana mtaliona kwenye picha. Nimenunua sanamu vidogo vya abiria, virefu kama ukucha. Mmoja nimempaka khanga na kikapu cha machungwa. Mama yangu alikuwa anauza machungwa dirishani pa treni pale Muheza mpaka treni ya abiria ilipokoma, mimi nabeba ndoo. Nataka nimweke jukwaani.

#38 Chuma Mbili

Wales, 1958, khanga? Hapana mkuu. Mzee kakuachia mwaka mmoja, uheshimu.

#39 Sanura wa Kilindini

Nilipendekeza minazi mkanikatalia, sasa tumefika kwenye khanga. Mweke!

#40 Mzee Mataruma

Mweke, ila si kwenye ukingo wa jukwaa. Wauza machungwa walikuwa wanatutia presha.

#41 Dada wa Leicester

Umeandika ofisini?

#42 MtuWaMuheza

Nimeandika leo saa tatu asubuhi. Binti naye ameandika. Meneja kasema nisifanye chochote na kile kitu, atanijibu Jumatatu.

Ubao uko nyuma ya mlango, na zile sentimita 20 zake. Mama wa machungwa yuko kwenye kiberiti, juu ya friji.

#43 Fundi Randa

Kama msumeno umeingia 20, weka kibao cha kuegeshea kwa chini, skrubu nne, usipige msumari. Jumatatu wakikukubalia tutaendelea.

#44 Chuma Mbili

Na skrubu za shaba namba 4, si kubwa zaidi. Mbao ya zamani hupasuka.

#45 Pwaguzi

Nimechelewa, nimesoma kichwa cha uzi tu. Usikate.