Tofali mbichi, za kuchoma au za simenti kidogo kwa kaukuta kadogo?

chapa_tope: Wakuu habari za jioni. Nataka kujenga kaukuta ka bustani, urefu mita 4 kwenda juu mita 1, hakabebi paa wala nini, ni kukinga upepo tu. Udongo ninao hapo nyuma, nyasi kavu zipo, na tofali nataka nifyatue mwenyewe. Shida kila ninayemuuliza ana lake, mmoja ananiambia fyatua anika jenga basi, mwingine anasema usipochoma mvua moja tu linarudi kuwa tope, wa tatu anasema changanya simenti kidogo kwenye udongo. Nishaurini, ila ajibu aliyeshika udongo mwenyewe sio aliyesimuliwa.

mzee_timazi: Mbichi. Ukuta wa mita 1 usiobeba kitu huna haja ya kuhangaika na moto. Tofali la sentimita 30 kwa 15 kwa 10, ukuta upana wa 30, ni kama tofali 200 hivi, ongeza 20 za kuvunjika maana zitavunjika tu. Usiende na upana wa 15 eti kuokoa udongo, ukuta uliosimama peke yake bila kona ukiwa mwembamba hivyo mtoto akiuegemea unayumba.

Kozi7: Mzee heshima yako ila mimi ni mtu wa kuchoma. Tofali lililoiva ukiligonga linalia kama chuma, mvua inyeshe isinyeshe halijali. Hiyo mbichi ni kazi ya kila mwaka kuziba ziba.

dada_mwiko: @Kozi7 200 unazichomaje wewe? Tanuru linataka tofali nyingi ili zilizo katikati zishike joto, ukipanga 200 karibu zote ziko pembeni, utatoa chache zilizoiva na zilizobaki nusu mbichi nusu zimebabuka, na kuni zimeisha. Tulijaribu na kaka yangu tofali 300, tulizopata nzuri hazikufika hata nusu, ile siku nzima ya kuchochea moto naikumbuka mpaka leo.

Mimi nilienda na simenti. Sehemu 1 ya simenti kwa 15 za udongo, inatosha kabisa kama udongo una mchanga wa kutosha. Ila watu hawaambiwi kwamba hapo mchezo unabadilika, udongo hauloweki ukawa tope, unakuwa na unyevu tu kiasi kwamba ukiufinya kwenye kiganja unashikana na maji hayatoki, halafu unashindiliwa kwenye mashine ya mkono, ukishindilia kwa mkono mtupu kwenye kalibu, yaani kile kiboksi cha kufyatulia, halishikani vizuri. Na baada ya hapo haulianiki juani, unalifunika nailoni na kulimwagia maji siku 7 angalau. Mimi za kwanza nilizianika kama tofali za kawaida, nilikuwa nazikwangua kwa kucha unga unatoka!

chapa_tope: Mashine sina dada. Kwa hiyo nabaki na mbichi au?

mzee_timazi: Kwanza tujue udongo wako. Chukua chupa ya kioo nyeupe, weka udongo nusu, jaza maji, chumvi kidogo, tikisa mpaka mkono uchoke halafu weka chini usiiguse. Mchanga unatua ndani ya dakika ya kwanza, vumbi laini linafuata kwa masaa, udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, ndio wa mwisho, unaweza kuchukua siku nzima. Ukikuta mfinyanzi ni kama sehemu 2 mpaka 3 kwa 10 na mchanga ndio mwingi, una udongo wa tofali. Mfinyanzi ukizidi ongeza mchanga, maana mfinyanzi ukikauka unasinyaa na hapo ndipo nyufa zinapotoka. Na usichukue ule udongo mweusi wa juu wenye mizizi, chimba uupite.

Kozi7: Sawa mimi naachia kwenye kuchoma, 200 kweli ni chache. Lakini mvua mmeijibu? Tofali mbichi likilowa ni tope hata useme nini.

mzee_timazi: Hapo umesema kweli, na ndio maana naona hapa tunabishana tofali wakati kitu chenyewe ni maji. Ukuta wa udongo unaliwa sehemu mbili, chini na juu. Chini weka msingi wa mawe utoke juu ya ardhi sentimita 30 ndio uanze kozi, yaani mstari, ya kwanza ya tofali za udongo, matone yakidunda chini yarukie mawe. Juu weka vigae au mawe bapa yatokeze pande zote mbili sentimita 5 au zaidi maji yadondokee mbali. Katikati mvua ya kawaida inakula kidogo kidogo, unapaka tope upya. Ule msikiti mkubwa wa Djenné kule Mali ulijengwa upya 1907 kwa udongo mbichi na upo, watu wanaupaka tope karibu kila mwaka. Kozi7 kusema ni kazi hajakosea, ila kwa kaukuta ka mita 4 ni kazi ya asubuhi moja.

dada_mwiko: Na tafadhali lipu ya simenti juu ya tofali mbichi USIPIGE. Nilimpigia mama yangu mdogo, ilipendeza kama msimu mmoja hivi. Ikapasuka nyufa nyembamba kama nywele, maji yanaingia hayana pa kutokea, ukigonga unasikia kuna uwazi nyuma, siku moja likadondoka pande zima na udongo umegandia kwa nyuma. Tope lenye nyasi au chokaa ndio vinaenda na udongo. Na kujengea vile vile, tumia tope lile lile la tofali ulichekeche tu, sio simenti.

chapa_tope: Mrejesho wakuu. Chupa imesema mchanga 6, vumbi 2, mfinyanzi 2. Nikaloweka udongo usiku mmoja, asubuhi nikakanyaga na nyasi nilizokata urefu wa kidole, nikafyatua 24. Nne nilizifyatua kabla sijatia nyasi, zimepasuka zote nne katikati, zenye nyasi imepasuka moja tu na ile ilikuwa inapigwa jua moja kwa moja. Zingine nimezifunika nyasi juu, leo siku ya tatu nimezisimamisha kwa ubavu upande wa chini nao ukauke. Zilizopasuka nafanyaje?

mzee_timazi: Ponda, loweka, fyatua tena. Tofali la kuchoma ungelifanya hivyo? Zilizobaki zipe wiki 3 au 4, halafu chukua moja livunje uangalie ndani, rangi ya katikati ikiwa nyeusi kuliko pembeni bado lina maji, subiri.

chapa_tope: Nimekusoma mzee. Kuna moja mbwa kaikanyaga ikiwa bado laini, vidole vyote vinne vimekaa, hiyo siipondi, naipanga upande wa mbele.

Kozi7: Hahaha weka picha.