MREJESHO: Lile gugu la Kijapani mpakani na jirani

Wakuu habari zenu, mimi ndo yule wa huku Uingereza niliyeomba ushauri mwaka jana kuhusu notiwidi (Japanese knotweed), lile gugu la Kijapani lenye mashina kama mwanzi yenye madoadoa ya zambarau, lilikuwa linatoka kwa jirani linapita chini ya fensi linaingia kwangu. Mlioniambia nisilifyeke wala kulichimba mlinisaidia sana, maana kipande kidogo tu cha mzizi kikidondoka sehemu nyingine kinaota upya.

Basi nikaongea na jirani, mama mtu mzima, akaelewa vizuri tu, tukachangishana hela tukaita mafundi wenye cheti cha kupiga dawa wakapiga pande zote mbili siku moja. Hapa ndo penyewe, ukipiga kwako tu kwa jirani likabaki ni kazi bure, mizizi ni ileile. Wametumia glaifoseti, dawa ya kuua magugu, ila walisubiri mpaka mwisho wa kiangazi likiwa na maua, kipindi hicho mmea unashusha chakula mizizini kwahiyo na dawa inashuka nacho.

Mwaka huu yametoka machipukizi machache, membamba, yamepindapinda, watapiga tena na misimu ijayo watarudi. Mashina hata yakikauka usitupe kwenye pipa la nyumbani, kuna sheria ya kulinda mazingira ya 1990 (Environmental Protection Act) inayobana taka kama hizi. Na anayetaka kuuza nyumba England au Wales ajue kwenye fomu ya TA6, ile ya maelezo ya nyumba anayojaza muuzaji, ataulizwa kuhusu gugu hili, tunzeni makaratasi yote ya mafundi.